Fonti Iliyoshinda kwa Alama

Chizuru, mwenzio nimekwisha.

Si unaujua ule mfumo wangu wa kompyuta wa kuchagua fonti kwa takwimu? Niliulisha picha za mabango ya Osaka nzima, nikaupa kipimo kimoja: fonti inayowafanya wapita njia wasimame wasome. Leo tumewaonyesha wenye kliniki ya uzazi bango lao.

Halafu mkunga mkuu akaniuliza polepole, "Mwanangu, kwani nani amekufa?"

Nani amekufa, Chizuru. Kumbe mfumo ulichagua zile herufi nene za brashi, za mabango ya msiba ya huku. Ndiyo maana watu husimama.

Bosi hata hakufoka. Kasema tu, "Basi chagua kwa macho yako."

Tangu mchana nazitazama fonti, zote naziona sawa. Nimeufungua mfumo tena, niuulize.