Picha Kwanza, Sauti Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Mtu wa makabati amekuja tena. Amezipitia televisheni zote: za chumba cha nyuma, za sebuleni, mpaka ile ninayowekea vitambaa vya kushona. Anagonga mbao kwa kidole kama anachagua tikiti maji. Anasema mbao ya namna hii siku hizi haipatikani, mzee. Ndani atang'oa kila kitu, aweke rafu za glasi, ziwe makabati. Watu wanapenda.

Nikasema sawa. Atakuja na gari Jumamosi ya wiki ijayo.

Binti yangu alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Akasema, umeona, Baba? Si umesikia mwenyewe? Nimesikia. Nitahamia kwake. Chumba kimeshapakwa rangi.

Chai ilipoa. Nikainywa hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimefagia chumba cha nyuma. Televisheni ile yenye milango miwili bado iko mezani, mgongo wazi, kama mwenzangu alivyoiacha asubuhi ile alipokwenda kupima presha. Hakurudi. Vumbi limeshaingia ndani. Nimelipangusa kwa brashi yake laini.

Mtaani walimwita Mama Chogo, kwa sababu ya televisheni zake za zamani, zote zina chogo refu. Mimi nikawa Baba Chogo. Nimeshona nguo za mtaa mzima, na jina nimelipata kwa televisheni! Watu walizileta kwa mkokoteni. Wengine walizitupa tu mlangoni wakakimbia. Hakukataa hata moja. Alisema, hii imetazamwa na watu wengi, haiwezi kulala nje.

Alhamisi, 6 Machi

Binti amepiga. Anasema, Baba, njoo na nguo na cherehani, lakini kanda ile niachie huko huko, nakuomba.

Ni kanda ya kupimia. Binti yumo, darasa la pili, sare mpya, amesimama ukutani anakariri miezi ya mwaka. Mwenzangu alimrekodi kwa kamera ya kuazima. Kila televisheni aliyoitengeneza aliijaribu kwa kanda hiyo. Alisema uso unaoujua ndio kipimo: kichwa kikiwa kirefu, ujue kosa ni la televisheni, si la mtoto. Wateja wote wamekiona kichwa hicho, leo kirefu kama papai, kesho bapa kama sahani. Shuleni wakampa jina, Papai. Mpaka leo hajasamehe.

Mwenzangu mwenyewe haonekani mle. Anasikika tu. Anasema simama wima, usicheke. Halafu anacheka yeye.

Simu yake ilikuwa ya tochi, haikuhifadhi sauti. Sauti yake iko kwenye kanda hii, basi. Na televisheni ya binti, ile ya ukutani, haina tundu la deki yetu ya kanda. Niliangalia siku nilipokwenda kwake.

Nikamwambia sawa, siji nayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefikiria kuiwasha ile yenye milango. Mara moja tu, kabla haijaondoka. Zilizopona mwenzangu alizigawa, zilizobaki zinangoja zamu, na zamu ilikuwa ya hii.

Yeye hakuchomeka televisheni ya zamani moja kwa moja ukutani. Aliupitisha umeme kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka kali na kubaki kali, chomoa haraka, ndani kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, shwari. Nimefanya vile vile.

Balbu haikuwaka kabisa.

Nimefuata waya. Nimesafisha swichi. Hakuna kitu.

Jumapili, 9 Machi

Bado. Nimebadilisha plagi, nikabadilisha na waya. Jirani akachungulia dirishani — Baba Chogo, cherehani imekushinda sasa umevamia umeme? Usije ukatuunguzia nyumba!

Nikacheka. Nadhani nilicheka. Mdomo ulifanya hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Fyuzi!

Aproni yake nilimshonea mimi. Mfuko mmoja tu, mkubwa, upande wa kushoto. Alivyotaka mwenyewe. Akigusa ndani ya televisheni inayowaka, mkono wa kushoto hukaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Na kila alipoacha kazi nusunusu, alichomoa fyuzi akaitia kwenye mfuko huo, mtu asije akawasha bila yeye kuwepo. Kila jioni nilimuuliza, umeitia mfukoni? Kila jioni! Anasema, nimeitia, wewe lala.

Na aproni iko nyuma ya mlango wa chumba hiki hiki. Nimeipita siku zote hizi. Jana nimeisogeza ili mlango ufunge.

Nilikaa kwenye kigoda kwanza. Halafu nikatia mkono. Fyuzi. Kipande cha sponji. Nusu ya pipi ya mnanaa kwenye karatasi yake. Alikuwa anang'ata nusu, nusu ananiwekea.

Pipi nimeirudisha mfukoni.

Jumatano, 12 Machi

Balbu imewaka. Ikafifia. Nikaunganisha deki, nikatia kanda.

Picha ipo, lakini imebanwa katikati ya skrini kama mkanda wa suruali. Juu giza, chini giza. Binti yumo, kichwa sahani. Sauti nilikuwa nimeifunga kabla. Ndiyo kanuni ya mwenzangu: picha kwanza, sauti baadaye. Hakuvumilia kumsikia mtu kabla hajamnyoosha.

Ninakijua kidude cha kuzungusha, kiko nyuma, kidogo kama kifungo cha shati. Shida ni kwamba ukiwa nyuma huioni skrini. Ndiyo maana kazi yangu ilikuwa kusimama mbele na kioo cha kujitazamia, nikielekeza kwenye skrini ili yeye aone akiwa kule nyuma. Alikuwa ananipigia kelele: Inua. Shusha. Kushoto — kushoto kwangu, si kwako! Umelala, wewe?

Leo nimekiegemeza kioo kwenye kiti. Kinateleza. Nikakikingia mito. Naona dari. Basi nikazungusha kwa kubahatisha, nikaenda mbele kutazama: papai. Nikarudi nyuma, nikazungusha, nikaenda mbele: sahani. Mpaka kiuno kikagoma.

Ningeweza kuiacha picha nikaongeza sauti tu. Ninachotaka ni sauti. Nilifika mbele nikaweka na kidole kwenye kitufe cha sauti.

Nikazima.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanga nguo. Sanduku moja limetosha. Cherehani nimeifunika shuka. Mvua kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Gari limefika asubuhi. Binti amekuja kwa miguu nyuma yake, ana viatu vya kazini. Wabebaji wameanza na chumba cha nyuma. Zinapita mlangoni moja moja, chogo mbele. Mtu wa makabati anasema polepole jamani, mbao hiyo. Nimesimama pembeni kama mgeni.

Walipofika kwenye ile ya mezani nikasema hii ngojeni. Nikavaa aproni. Binti akanitazama.

— Baba, hiyo si ya Mama?

— Nishikie kioo.

— Watu wanangoja, Baba.

— Shika tu.

Akakishika kama sinia. Nikamwambia inua. Shusha kidogo. Kushoto — kushoto kwangu, si kwako! Akaduwaa. Na mimi nikaduwaa.

Balbu ikawaka, ikafifia. Nikaingia nyuma, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia kwenye kile kifungo. Nikaona kwenye kioo picha inafunguka. Binti akapiga yowe — toba, kichwa changu! Kirefu, Baba, kirefu, rudisha. Umepita. Rudisha tena. Hapo. Ha-po!

Uso ukakaa. Sare mpya, ukuta, mdomo unataja miezi bila sauti. Nikatoka nyuma nikatazama vizuri. Mtoto akafika mahali anapoinua macho, kumtazama aliyeshika kamera, anajikaza, anashindwa.

Binti akasema taratibu, hapa ndipo ananiambia nisicheke.

Kumbe anaikumbuka yote.

Kanda imefika mwisho, deki inairudisha mwanzo yenyewe. Dereva anapiga honi. Mtu wa makabati yuko mlangoni, anauliza, vipi mzee, tubebe? Binti hajashusha kioo ingawa hakuna tena cha kupima. Miezi imeanza upya kwenye skrini.

Anasema, Baba, sauti.

Nimemwambia ngoja niandike kwanza.

Unaandika nini sasa hivi, Baba? Ongeza sauti.

Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine bado uko mfukoni, umeshika nusu ya pipi.