Kura Yako Nimeipiga Mimi, Baba

Baba,

Shikamoo. Mdomo wangu haujakubali kwamba hakuna wa kuitikia.

Nakuandikia nikiwa hapa Mabatini, kwenye kibanda changu cha kushonea. Cherehani nimeifunika na mlango wa kibanda nimeufunga kwa ndani, ingawa ni saa nane mchana. Naogopa, baba.

Ule mchango uliokuwa ukiupigania, kila mfugaji akatwe kidogo kwa kila ng'ombe anayemuuza mnadani ili josho letu la kuogeshea ng'ombe lifufuliwe, hatimaye ulipigiwa kura Jumamosi. Nafasi yako kwenye chama cha wafugaji ninayo mimi sasa, kwa kuwa ng'ombe uliniachia mimi. Baba mdogo Masanja hajalisamehe hilo. Tena yeye hununua na kuuza ng'ombe kila wiki, kwa hiyo makato yangemfuata kila wiki.

Alhamisi alikuja hapa. Hakukaa. Alisema polepole, "Kabula, mkono wako nitauangalia. Ukiunyoosha, ukoo utakaa kikao, na ng'ombe wa kaka yangu watarudi kwa wanaume." Kisha akaniaga vizuri, akawasalimia na majirani. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Jumamosi mwenyekiti alitangaza kwamba tutanyoosha mikono. Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba tupewe karatasi, kura iwe ya siri." Akauliza nani ananiunga mkono. Wale rafiki zako wote, baba, wakatazama viatu vyao.

Nikakaa. Nikakukumbuka mwaka ule ndigana, ugonjwa wa kupe, ilipotumalizia ndama. Ulikaa zizini, kichwa cha ndama wa mwisho kimelala pajani mwako, unamtoa kupe mmoja mmoja kwa kucha. Ukaniambia, "Mwanangu, kupe wa jirani ndiye kupe wetu." Ulikuwa unalia, na hukujificha.

Mwenyekiti akasema, "Wanaokubali."

Nilinyoosha. Mkono nikaushikilia kwa mwingine usishuke. Baba mdogo alikuwa ng'ambo ya uwanja, na hakumtazama mtu mwingine yeyote. Walihesabu, wakarudia. Mchango umepita, kwa tofauti ya mikono michache sana. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitafuta njia ya kutokea.

Leo asubuhi mama amenipigia. Alinong'ona, kana kwamba kuna mtu mlangoni. Ukoo umeitwa Jumapili, na baba mdogo yuko zizini tangu alfajiri, anawatenga ng'ombe. Majike wenye mimba amewaweka upande wake.

Baba, ungekuwepo ungeniambia nifanye nini? Nikisikia pikipiki inasimama nje, moyo unasimama nayo.

Lakini nitakwenda. Ile karatasi ya kuniachia ng'ombe uliyoandika mbele ya mtendaji wa kijiji nimeishonea ndani ya pindo la gauni nitakalovaa. Siwezi kukuahidi kwamba sitatetemeka. Nakuahidi kwamba nitaisoma mpaka neno la mwisho, wakisikia wote, na mama atakuwa amekaa karibu yangu.

Lala salama, baba yangu. Usingizi wangu mimi utasubiri Jumapili ipite.

Mwanao,
Kabula