Mlango Aliouchonga Mjomba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniambie limepona na huku bado unabeba ndoo, nakujua. Sisi huku tu wazima, wajukuu zako wanakula utadhani wanalipwa, na mimi sina homa wala kikohozi, ila usingizi tu ndio umenikimbia.

Redio imekwisha kukuambia kwamba kaka yako si Waziri Mkuu tena. Lakini redio haijui ya ndani, basi ngoja nikupe.

Kilichomponza ni ileile kodi ya mlango. Wewe uliisema mapema: mwenye jumba na mwenye vyumba viwili walipe sawa kwa kila mlango, haki iko wapi? Watu wakang'oa milango yao, wakatundika mapazia. Siku walipoirundika mbele ya ofisi ya chama, mlinzi alishindwa hata kutoka kwenda kula. Nilimwambia Mjomba kwamba hata wewe, dada yake wa tumbo moja, umeung'oa ule mlango aliokuchongea mwenyewe ulipoolewa, enzi zake za useremala, na umeapa hutamsemesha tena. Akasema nisimletee uzushi. Sikio la kufa, Mama, halisikii dawa.

Chama nacho kikapasuka. Sisi wabunge wake tuligawana hata kantini: wanaoitaka kodi dirishani, wasioitaka karibu na jiko. Mimi nilikula mkate mkavu ofisini kwangu, kwa woga tu. Waziri wa Fedha alipojiuzulu na kutangaza kwamba yeye aliikataa tangu mwanzo, tukaitishwa kupiga kura ya siri, Mjomba abaki au aondoke. Kabla hatujaingia alinishika bega, akaniambia wengine wote anawatilia shaka, isipokuwa mimi.

Alishindwa kwa kura chache.

Jioni nilimkuta ofisini akifunga makaratasi, wapambe wote wameyeyuka. Alikuwa akinung'unika kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mama, nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia kwamba mimi pia nilipiga kura aondoke. Nampenda, ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Lakini nilipoishika ile kalamu niliona pazia lako likipepea, nawe umelala nyuma yake peke yako.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliuliza kama ni kweli dada yake analala bila mlango. Nikasema ni kweli. Akalia, Mama, mtu mzima na mvi zake. Alipomaliza akauliza kama bawaba umezitunza.

Kodi yenyewe inafutwa. Aliyemrithi ameahidi hivyo mbele ya Bunge zima, na huku watu wameanza kupanga foleni kwa maseremala. Mimi ukitaka kunigombeza, nigombeze, nakuja na masikio yangu yote mawili. Maana Jumamosi tunafika, mimi na yeye, bila dereva wala walinzi. Amelitoa stoo sanduku lake la randa na misumari. Ule mlango utoe kwenye banda la kuku uuoshe, na fundi mwingine usimwite.

Msalimie jirani, mwambie mazungumzo yake ya alfajiri yanayokufikia kupitia pazia utayakosa sana ukishapata mlango.

Na Mjomba akipiga hodi nje ya pazia, Mama, tafadhali mwitikie.

Ni mimi,
Kitindamimba wako