Saa ya Baba Maureen Inatembea

Baba Maureen,

Uji uko kwa thamosi. Maureen aanue nguo mvua ikianza.

Saa yako ya Uswisi inatembea. Ile ile uliyoambiwa mjini kuwa mashine yake ya betri haiundwi tena kiwandani, ukasema niwape watoto wachezee.

Wewe na mwanao Ronny mlizunguka madukani mkitafuta saa yenye jina lililo usoni pa yako. Mimi nilinakili namba iliyochapwa kwenye mashine, kama ninavyotafuta vipuri vya cherehani yangu. Ile saa ya kioo kilichopasuka niliyonunua Nyamarambe, ukaiita takataka mbele ya watoto, ina jina lingine kabisa, lakini tumboni ni namba ile ile. Mlipokuwa shambani asubuhi, fundi wa saa kule Masimba alitoa mashine humo akaiweka kwenye yako nikitazama. Mishale ikakaa, tarehe ikatokea katikati ya kidirisha chake.

~~Nimekuwekea kwa droo.~~

Hapana, nimeivaa. Naenda Nyamira kwa dada yangu. Nitarudi saa kumi na dakika saba.

Ukitaka kujua kama nimechelewa, uliza jirani ni saa ngapi.

Mama Maureen