Maji ya Siku Nne

Jumatatu, 5 Februari 1996

Nimemwasha Nyuki, mashine yetu ya kuoshea vyombo vya upasuaji, saa mbili kasoro. Maji hadi kwenye alama. Dakika kumi akiwa mtupu, bila vyombo, ili hewa itoke majini. Kisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wima ndani ya maji, dakika moja. Upande wa kulia imetobokatoboka vizuri. Upande wa kushoto haina hata alama.

Pakiti naziokota nje ya geti. Mimi sivuti. Mlinzi anafikiri navuta kwa siri.

Kichwa kimoja cha chini kimelegea, hakuna shaka. Viko vinne, vimegandishwa chini ya beseni, ndivyo vinavyotetemesha maji mpaka damu inaachia kwenye makasi bila kusuguliwa. Vikitetemeka hulia, ndiyo maana wenzangu wakaiita Nyuki. Gundi yake Migori hakuna. Homa Bay nilipouliza walinionyesha gundi ya viatu. Nitapanga vyombo upande wa kulia na kuviendesha mara mbili.

Pampu ya kisima bado imekufa, wiki ya tatu sasa. Maji yanaletwa na punda kutoka ziwani. Wodi ya wazazi wanagawana ndoo.

Keshokutwa ni kambi ya macho. Daktari Mwende anatoka Kisumu. Maro, mama mkwe wangu, yumo kwenye orodha.

Jumanne, 6 Februari

Mke wangu Atieno amemleta mama yake kutoka Magunga. Wamelala kwa binamu yao, si kwangu. Mkwe mwanamume halali paa moja na maro wake, hamshiki mkono, hasogei karibu naye. Hiyo ndiyo heshima, na sina ugomvi nayo. Ila tangu mtoto wa jicho amzibe macho yote mawili, miaka mitatu sasa, heshima yote nimeibeba peke yangu. Nikimwona njiani nakohoa mara mbili ajue ni mimi. Yeye anageuka ili anipishe. Mara nyingine anageukia kwangu hasa, na mimi naishia kwenye miiba.

Nampenda yule mama. Sijawahi kumwambia, na sitaweza.

Maji ya Nyuki ni ya Jumamosi. Sista Konsolata, msimamizi wetu, ameagiza yabadilishwe kila asubuhi, na kuna rejista ya kutia alama. Nimetia alama. Maji yenyewe sijabadilisha. Yanaonekana safi, mtu angeweza kunywa. Nimelelewa na mama aliyeyabeba kichwani kutoka ziwani kilomita nne, akikuona unamwaga maji meupe unalala njaa. Na wodi ya wazazi wanagawana ndoo. Nimeongeza sabuni kidogo.

Vyombo vyote vinapita kwenye otoklevu baadaye, mvuke mkali, dakika ishirini. Kijidudu gani kitabaki hai humo? Ndivyo nilivyojiambia. Naandika ili nikumbuke kwamba niliwaza.

Jumatano, 7 Februari

Kumi na mmoja wamefanyiwa. Kazi nzuri, haraka, bila kelele.

Watano wa kwanza wametumia vyombo alivyokuja navyo daktari, vimefungwa Kisumu. Kuanzia wa sita ni vile vile, nimeviosha mimi kwa Nyuki na kuvipitisha kwenye mvuke. Makasi madogo, vibanio, na vile vimirija vyembamba vya kusukumia maji ndani ya jicho. Vimirija vimenisumbua. Maji safi ya kusuuzia yaliniishia, nikapuliza hewa tu.

Maro alikuwa wa tisa. Jicho la kulia. Chumba changu na thieta vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Nilimsikia akimuuliza daktari kama ameolewa. Daktari akacheka. Nilizima Nyuki ili nisikie vizuri, halafu nikaona aibu nikamwasha.

Alhamisi, 8 Februari

Bandeji zimefunguliwa saa tatu. Watano wa kwanza wanaona. Mama mmoja wa Kehancha alihesabu vidole vya daktari, akaendelea kuhesabu na vya wauguzi.

Wa sita mpaka wa kumi na moja, hakuna anayeona. Macho mekundu. Kile kioo cha mbele kimefunga ukungu mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Wawili wana usaha chini ya mboni.

Maro pia.

Daktari amesema huenda ni vijidudu. Amechukua maji ya jicho kwa sindano, ya wawili, akapeleka maabara. Amewadunga dawa ya vijidudu wote sita. Ndani ya jicho lenyewe. Nimemsikia mzee Obiero, fundi baiskeli wa Karungu, akilia kupitia ule ukuta wa mbao. Mzee wa miaka sabini.

Najua kuhesabu. Watano vyombo vya Kisumu, sita vyombo vyangu.

Ijumaa, 9 Februari

Maabara hawajaona kitu. Hakuna kijidudu hata kimoja kwenye hadubini. Daktari hakufurahi. Amekaa thieta asubuhi nzima akiuliza kila mtu. Dawa ya matone ilifunguliwa lini. Glavu zilikuwa na unga gani. Muuguzi wa thieta amevunja chupa kwa hofu, na yeye hana kosa lolote.

Akaja kwangu. Akatazama Nyuki, akatazama rejista. Alama zangu zimepangana vizuri, kila siku moja, kwa wino wa buluu. Akaniuliza maji yale niliyabadilisha lini.

Nikasema Jumatano asubuhi, kabla ya kazi.

Ilitoka mdomoni yenyewe. Akashukuru, akaondoka.

Mchana amewadunga tena, mara ya pili. Kama hajui ni nini atafanya nini? Atieno alimshika mama yake mkono. Amesema mama hakulia, aliuma leso.

Mimi ni mwongo. Nina kazi, nina alama za buluu, na mimi ni mwongo.

Jumamosi, 10 Februari

Atieno hakwenda kanisani leo, yeye Msabato wa kukosa chakula asikose Sabato. Amesalia wodini. Saa nne akaja mpaka mlango wa chumba changu na ujumbe kutoka kwa maro.

"Baba Achieng', mama anasema usijisumbue kutuma salamu kila saa. Anasema akisikia mashine yako inalia, anajua mkwe wake yuko karibu na mikono yake ni safi."

Akaondoka kwenda kuchota uji. Mimi nikakaa chini, sakafuni, karibu na ndoo.

Kama angenitukana ningeweza kunyamaza mwaka mzima.

Nimemkuta daktari kwenye veranda ya wodi, ana kikombe cha chai ambacho hajanywa. Sista Konsolata alikuwa naye. Nilitaka Sista aondoke. Hakuondoka, na mimi nikaona nikingoja sitasema tena.

"Daktari, hiyo maji haikuwa ya Jumatano. Ilikuwa ya Jumamosi iliyopita. Siku nne."

"Na kwa rejista?"

"Nilitia alama tu."

"Vimirija ulisuuza?"

"Wa sita na wa saba pekee, na kidogo. Wengine nilipuliza hewa."

Akaweka kikombe chini. Nikamwambia na mengine yote, ya kichwa kilicholegea, ya sabuni niliyoongeza, ya mvuke wa dakika ishirini. Nilikuwa kama mtu anayetapika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mvuke unaua," akasema. "Haufagii maiti."

Kisha akaeleza polepole, kwa Sista zaidi kuliko kwangu. Maji yenye uvuguvugu yakikaa siku nne yanaota vijidudu hata kama ni meupe. Otoklevu imewaua, ndiyo maana maabara hawaoni kitu. Lakini mabaki yao na sabuni yangu vilikwama kwenye vimirija, na kwa kila mgonjwa vikasukumwa ndani ya jicho. Ni sumu. Jicho limewaka kwa sumu. Kuna matone ya kulituliza, lakini aliogopa kuyatumia, kwa sababu kama ni vijidudu hai matone hayo yanawaachia jicho kama shamba lisilo na mlinzi. Sasa atayatumia. Kila saa, macho yote sita.

Nilimuuliza kama watapona. Akasema hajui. Akasema matone haya hufanya kazi zaidi yakiwahi.

"Ungeniambia jana nilipokuuliza," akasema, "nisingewadunga mara ya pili."

Hakupandisha sauti. Sista Konsolata alinitazama, akanyoosha mkono. Nikampa rejista.

Nilimwambia Atieno nyuma ya jiko la hospitali. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, akarudi wodini kwa sababu saa ya matone ilikuwa imefika.

Jumapili, 11 Februari

Hakuna mabadiliko. Sikula.

Jumatatu, 12 Februari

Sista ameniagiza nimfungue Nyuki mbele yake. Nimemwaga maji yote. Yametoka meupe, safi kabisa kwa macho, na ndilo lililoniuma. Halafu nikapitisha kidole ndani ya bomba la kutolea maji. Utelezi. Kijivu, kama ule wa ndani ya mtungi wa zamani. Chini ya ukingo wa beseni pia, pote kuzunguka. Miaka miwili napangusa pale juu panapong'aa.

Sista aliunusa utelezi kwenye kidole changu. Akasema nimuoshe, nimkaushe, nimwache mkavu. Nimetumia ndoo tatu. Wodi ya wazazi waligawana zilizobaki. Hakuna aliyelalamika.

Barua nitapewa. Kamati inakaa Alhamisi.

Saa kumi Atieno alipita dirishani. Mboni ya mama, anasema, imeanza kuonekana pembeni, nyeusi kidogo nyuma ya ukungu. Alisema hivyo tu, akiwa bado anatembea.

Nimemwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilijaribu kufanya biashara naye. Achukue jicho langu. Najua hafanyi biashara.

Jumatano, 14 Februari

Ukungu umeondoka kwa wanne. Wa tano anaona mwanga na watu wakipita.

Mzee Obiero haoni. Kioo cha mbele kimebaki cheupe kama sahani. Daktari ameniambia mwenyewe kabla ya kurudi Kisumu, kwamba jicho hilo halitapona hapa, labda siku moja Nairobi, labda. Lile lingine lilishapofuka zamani. Alikuja kwa hili.

Nimekwenda kwake. Nilidhani nitaomba msamaha kwa utaratibu, nimeupanga njiani. Nilipofika kitandani nikasema tu, mzee, ni mimi niliyeosha vyombo. Akapapasa hewani mpaka akapata mkono wangu. Akavipitia vidole vyangu kimoja kimoja, kama anakagua spoku.

"Unajua gurudumu likipinda kidogo tu?" akasema. "Mwenye baiskeli haoni. Fundi anaona."

Akauachia mkono. Hakusema amenisamehe. Mimi sikumwuliza.

Kuhusu maro hakuna aliyeniambia lolote leo. Atieno analala wodini. Binti yetu Achieng' yuko kwa shangazi yake. Nyumba nzima ni kikombe kimoja na mimi.

Alhamisi, 15 Februari

Barua. Miezi mitatu nje, bila kazi, kisha watafikiria. Nilitarajia mbaya zaidi. Nilistahili mbaya zaidi, nikikumbuka Obiero.

Nimemfundisha muuguzi wa thieta, yule aliyevunja chupa. Maji kila asubuhi, yawe meupe yasiwe meupe. Kabla ya kujaza, kidole ndani ya bomba. Vyombo wazi kwenye bawaba zake, ndani ya kapu, visiguse chini. Karatasi ya fedha kila Jumatatu. Vimirija vya macho visimkaribie Nyuki tena, vioshwe kwa bomba la sindano na maji safi, mara tatu, sindano nzima. Amehesabu mara tatu kwa sauti. Na rejista aijaze baada, si kabla. Hilo nilimwambia mara mbili.

Sikumwambia kwa nini. Anajua. Hospitali nzima inajua.

Ijumaa, 16 Februari

Nimekabidhi ufunguo saa nne. Nyuki alikuwa analia nilipotoka. Mlio ulikuwa mzuri, upande wa kulia.

Nikashika ile njia ya nyuma, kati ya ua wa manyara na shamba la mtama, ili nisikutane na watu. Nilikuwa na fulana yangu ya kazi kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa natazama chini.

Nilipoinua macho niliwaona mbele, Atieno na mama yake. Wameruhusiwa. Sikuwa na habari. Maro alikuwa na kitambaa kwenye jicho la kushoto, lile ambalo halijafanyiwa, la kulia liko wazi. Hatua kama thelathini kati yetu. Atieno alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, hakuniona.

Maro alisimama. Akavuta leso juu ya kichwa, akashuka njiani taratibu, akaingia kwenye mtama, akanipa mgongo na kusubiri nipite.

Nilikuwa bado sijakohoa.