Taa za Kabati la Mashujaa

Kwako kaka,

Nyumbani hatujambo. Zile sanamu zako ndogo za mashujaa, alizoapa Baba kuzitupa mlipogombana ukaondoka, sasa zina kabati la vioo sebuleni. Amelitengeneza mwenyewe, ufundi wa umeme haujamtoka mikononi. Bado anaziita midoli, lakini kila rafu ina taa zake.

Ila taa hizo ni kali mno, wageni wanakaa wakiligeuzia kabati mgongo. Juzi nilimwomba azipunguze. Alisogea hadi pua ikagusa kioo, akauliza, “Kwani zimewaka zote?”

Amenikataza kukwambia, eti utarudi kwa kumwonea huruma. Basi rudi hata kwa hasira, kaka, mradi urudi akiwa bado anakuona.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu