Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Mabatini tu wazima. Babu yako ametengeneza mlango wa uani mara ya tatu na bado haufungiki, lakini usimwambie nimesema.

Umeniuliza kama umfunge mwanao Nasra mkono wa kushoto, maana ndio anaoshikia kijiko. Mama yako Asha alikuwa hivyo hivyo alipokuwa na umri wa Nasra. Sisi tulikuwa vijana, tukiogopa wageni watasema hatukumfunza adabu. Basi kila tulipokaa kula, babu yako alimfunga mkono ule kwa kitambaa. Siku za mwanzo alilia sana. Siku ya nne, nilipotenga ugali na sato, Asha alikwenda mwenyewe akakichukua kitambaa kwenye kiti, akamletea baba yake, akanyoosha mkono afungwe.

Mimi nilicheka. Nikasema, "Umeona? Mtoto ameshaelewa."

Babu yako hakucheka. "Ameelewa nini, Mama Asha? Ameelewa kwamba mkono wake ni mbaya."

Akakitia kitambaa mfukoni, na hatukumfunga tena. Wageni walisema, kweli, na tukawaacha waseme.

Gauni lako la harusi, ulilolisifia mpaka ukalia, mama yako alilikata na kulishona kwa mkono huo.

Nisalimie mumeo. Na Nasra akikunyooshea mkono wa kushoto, upokee.

Bibi yako